Kura Moja, Bakuli na Mipaka: Uchaguzi wa Eneo Bunge la 94 la Virginia, 2017–2019

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna kiti cha Eneo Bunge la 94 katika Baraza la Wajumbe la jimbo la Virginia, Marekani, kilivyopata mshindi Januari 2018 baada ya wagombea wawili kulingana kwa kura 11,608 kila mmoja. Tukio hilo hukumbukwa kwa sababu ya bakuli ambamo jina la mshindi lilichotwa. Hoja ya makala ni kwamba bakuli lilikuwa hatua ya mwisho na iliyo wazi kuliko zote. Maamuzi mazito zaidi yalikwisha kufanyika kabla yake: katika uchoraji wa mipaka, katika kuwapanga wapigakura ndani ya mipaka hiyo, na katika kanuni za kuisoma karatasi yenye alama mbili.

1.0 Utangulizi

Neno kura limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kuamua jambo kwa bahati, bila mkono wa mtu kupendelea upande wowote. Maana hiyo ingali hai katika Kiswahili. Msomaji wa Biblia anafahamu kwamba mitume, walipotafuta mtu wa kushika nafasi iliyoachwa na Yuda, walipiga kura ikamwangukia Mathiya. Hakuna anayedhani kwamba kila mmoja wao alitumbukiza karatasi sandukuni. Uchaguzi wa kisasa ulipoingia Afrika Mashariki, lugha ililichukua neno hilohilo na kulipa kazi ya pili. Leo mtu hupiga kura anapomchagua mbunge, na hupiga kura vilevile anapotafuta ni nani aanze kati ya watu wenye haki sawa.

Ninaanza na neno hili kwa sababu uchaguzi ninaoueleza ulitumia maana zote mbili, moja baada ya nyingine, juu ya kiti kimoja. Wakazi wa sehemu ya mji wa Newport News walipiga kura tarehe 7 Novemba 2017. Hawakupata mshindi. Tarehe 4 Januari 2018 ikapigwa kura ya aina ile ya kale, mjini Richmond, mbele ya kamera.

Yafaa pia kueleza istilahi moja kabla ya kuendelea. Nchini Tanzania neno jimbo hutumika kwa eneo linalomchagua mbunge mmoja, na wakati huohuo vyombo vya habari huliita kila moja ya majimbo 50 ya Marekani jimbo. Katika makala inayozungumzia eneo lililo ndani ya Virginia, matumizi hayo yangeleta mkanganyiko kila baada ya sentensi mbili. Kwa hiyo jimbo hapa ni Virginia yenyewe, na kwa eneo linalomchagua mjumbe mmoja nimeazima istilahi ya Kenya, eneo bunge.

2.0 Baraza na Eneo Lenyewe

Bunge la Virginia lina nyumba mbili. Seneti ina maseneta 40 wanaochaguliwa kwa miaka minne, na Baraza la Wajumbe lina wajumbe 100 wanaochaguliwa kwa miaka miwili. Uchaguzi wa baraza hufanyika katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, hivyo hauambatani na ule wa rais wala wa bunge la taifa. Jambo hili huwapunguzia wagombea kelele za Washington, lakini hupunguza pia idadi ya wanaojitokeza. Katika eneo bunge la 94 wagombea wawili wakuu walipata jumla ya kura 23,216 tu. Mbunge wa Tanzania anayetoka katika jimbo la mjini angeiona idadi hiyo kuwa ndogo mno.

Newport News ni mji wa bandari na viwanda vya meli, ulioko kwenye rasi iliyo kati ya mto James na mto York. Huko ndiko zinakoundwa manowari kubwa za kubebea ndege za jeshi la wanamaji la Marekani. Jirani yake ni Hampton, na karibu na hapo ndipo Waafrika wa kwanza kuletwa katika koloni la Virginia waliposhushwa mwaka 1619, mateka kutoka Angola. Nataja jambo hili mapema kwa sababu rangi ya wakazi, na mahali wanapoishi, ndiyo iliyokuwa kiini cha kesi iliyobadilisha mipaka ya eneo hili.

Mjumbe aliyekuwa akitetea kiti mwaka 2017 alikuwa David Yancey wa chama cha Republican. Mpinzani wake wa chama cha Democratic alikuwa Shelly Simonds, mjumbe wa bodi ya shule ya mji huo. Palikuwa na mgombea wa tatu, wa chama cha Libertarian, ambaye hakukaribia kushinda.

3.0 Mipaka ya 2011

Baada ya kila sensa, yaani kila miaka kumi, mipaka ya maeneo bunge huchorwa upya ili idadi ya wakazi ilingane. Mwaka 2011 kazi hiyo ilifanywa na wanasiasa wenyewe, kila nyumba ya Bunge ikichora ramani yake. Wengi katika Baraza la Wajumbe walikuwa Warepublican. Katika maeneo bunge 12 wachoraji walijiwekea lengo kwamba Wamarekani Weusi wasipungue asilimia 55 ya wakazi wenye umri wa kupiga kura. Walieleza kwamba lengo hilo lilihitajika ili kutii sheria ya taifa ya haki za kupiga kura.

Eneo bunge la 94 halikuwa miongoni mwa 12 hayo. Jirani yake, la 95, lilikuwemo. Lilianzia Hampton na kunyoosha mkono kuingia Newport News, likikusanya mitaa yenye wapigakura Weusi wengi. Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo. Ukiwakusanya wapigakura wa aina moja katika eneo moja, mjumbe wao hushinda kwa tofauti kubwa isiyohitajika. Na katika maeneo yanayozunguka, waliobaki hukosa nguvu. Kwa hiyo ukitaka kuelewa kwa nini eneo bunge la 94 lilikuwa la ushindani mkali badala ya kuegemea upande mmoja, lazima utazame mpaka wa jirani yake. Kasoro ya ramani haionekani mahali ilipochorwa peke yake.

Wapigakura kadhaa walikwenda mahakamani, na kesi yao ikajulikana kwa jina la Bethune-Hill. Machi 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliirudisha kesi katika mahakama ya chini ili ichunguzwe upya kwa kipimo sahihi. Uchunguzi huo ulikuwa haujaisha Novemba ilipofika. Uchaguzi ninaoueleza, kwa hiyo, ulifanyika kwa ramani ambayo ilikuwa bado inabishaniwa.

4.0 Kutoka Kura Kumi Hadi Moja, Hadi Sifuri

Kabla ya Novemba 2017 Warepublican walikuwa na viti 66 na Wademocrat 34. Hakuna aliyetarajia baraza libadilike mkono. Lakini katika kinyang'anyiro cha ugavana Ralph Northam wa Democratic alimshinda Ed Gillespie kwa tofauti inayokaribia asilimia 9, na wimbi hilo likawafikisha Wademocrat viti 49. Viti 50 vilikuwa vya Warepublican bila mgogoro mkubwa wa hesabu kama huu. Kimoja kilichobaki ndicho cha 94. Yancey akikipata, chama chake kingekuwa na 51 na kingemchagua spika na kugawa kamati. Simonds akikipata, ingekuwa 50 kwa 50, na vyama vingelazimika kugawana madaraka.

Matokeo yaliyothibitishwa yalimpa Yancey ushindi wa kura 10. Sheria ya Virginia humruhusu aliyeshindwa kuomba kura zihesabiwe upya iwapo tofauti haizidi asilimia moja. Simonds aliomba.

Kuhesabu upya kuliwezekana kwa maana kamili kwa sababu palikuwa na karatasi. Septemba 2017, miezi miwili tu kabla ya uchaguzi, Bodi ya Uchaguzi ya Virginia ilifuta idhini ya mashine za skrini ya kugusa zisizoacha karatasi, kwa kuhofia usalama wake. Jimbo zima likapiga kura kwa karatasi inayosomwa na mashine. Mashine hizo hupangwa wakati wa kuhesabu upya ili zitenge karatasi zisizo na alama, zenye alama zaidi ya moja, na zilizoandikwa jina kwa mkono. Zilizotengwa huangaliwa kwa macho na maofisa wanaowakilisha pande zote mbili, na wakishindwa kukubaliana, majaji watatu huamua.

Tarehe 19 Desemba kazi hiyo ilimalizika kwa Simonds kuongoza: 11,608 dhidi ya 11,607. Magazeti yaliandika siku hiyo kwamba utawala wa Republican wa miaka mingi katika baraza hilo umekwisha. Siku iliyofuata majaji walitakiwa kuidhinisha tu. Badala yake walipokea hoja mpya juu ya karatasi moja, na baada ya kuijadili wakaihesabu kwa Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608.

5.0 Karatasi Moja

Karatasi hiyo ilitolewa hadharani, nayo inastahili kuelezwa kwa utulivu. Mpigakura alijaza kiduara cha Yancey. Alijaza pia kiduara cha Simonds, kisha akakipiga mstari wa mshazari. Katika safu ya gavana alijaza kiduara cha Gillespie na kukiwekea alama ya X. Katika nafasi nyingine za jimbo zima aliwachagua Warepublican.

Siku ya kuhesabu, maofisa wa pande zote mbili walikubaliana kwamba karatasi ile ina alama mbili na haihesabiki. Usiku ule ofisa mmoja wa upande wa Republican alibadili mawazo na kuwaandikia majaji. Hoja yake ilikuwa kwamba mstari ule ulikuwa wa kufuta, na kwamba ukiitazama karatasi nzima utaona mtu aliyekusudia kuwapa kura Warepublican. Majaji walikubaliana naye.

Niliwahi kuwa karani katika kituo cha kupigia kura, na nakumbuka usiku wa kuhesabu ulivyosimama kwa muda mrefu juu ya karatasi moja yenye alama ya vema iliyoambaa hadi kisanduku cha pili. Mawakala wawili walioikabili karatasi ileile waliona vitu viwili, na kila mmoja aliona kwa dhati kabisa. Uzoefu huo ndio unaonifanya nisite kuwashutumu majaji wa Newport News kwa upendeleo. Walikuwa na kanuni ya kufuata, nayo ni kutafuta nia ya mpigakura. Kanuni hiyo ni njema kuliko ile ya kutupa kila karatasi yenye doa.

Hata hivyo, ushahidi wa karatasi yenyewe haukuwa wa upande mmoja. Ikiwa mstari juu ya kiduara cha Simonds ni ishara ya kufuta, basi alama ya X juu ya kiduara cha Gillespie nayo yaweza kuwa ya kufuta, na picha ya mpigakura mwaminifu wa Republican inafifia. Ikiwa X ile ni ya kusisitiza, basi kwa nini mstari ule usiwe wa kusisitiza pia? Mtu yuleyule, kalamu ileile, na alama za ziada mbili ambazo kila upande ulizipa maana uliyoihitaji. Mimi naona kwamba karatasi hii haikuwa na jibu moja la haki. Ilikuwa na jibu lililotegemea nani anaulizwa, na lini.

Swali la lini ndilo ninaloliona kuwa zito zaidi. Simonds alirudi mahakamani akidai kwamba wakati wa kupinga karatasi ni wakati wa kuihesabu. Ukishapita na maofisa wa pande zote mbili wakiwa wamekubaliana, mlango umefungwa. Upande wa pili ulidai kwamba usahihi wa hesabu una uzito kuliko ratiba. Januari 3, 2018 mahakama ilikataa ombi la Simonds. Utaratibu unaoruhusu karatasi moja kufunguliwa upya baada ya tofauti kujulikana kuwa kura moja unaruhusu pia kila mtu ajue, wakati anapoamua, kwamba anaamua uchaguzi mzima. Maofisa wa siku iliyotangulia walikuwa wameamua bila kujua uzito wake. Ninauona uamuzi wa aina hiyo kuwa bora.

Lipo jambo jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulipita bila kuliona: majaji wa Virginia huchaguliwa na Bunge la jimbo. Silitaji kama ushahidi wa hila. Nalitaja kwa sababu baraza lenye kiti kinachogombewa lilikuwa pia na sauti katika ajira ya watu walioamua nani akikalie.

6.0 Bakuli

Sheria ya Virginia ni fupi juu ya wagombea waliolingana: mshindi huamuliwa kwa kura ya bahati. Haisemi chombo gani kitumike. Njia hiyo ilikuwa imetumika kwa kiti cha baraza hilohilo mwaka 1971. Safari hii Bodi ya Uchaguzi iliazima bakuli la kauri kutoka jumba la makumbusho ya sanaa la Virginia. Majina mawili yaliandikwa kwenye karatasi, kila moja ikatiwa ndani ya kikopo cha plastiki cha kutunzia mkanda wa picha, na vikopo vikawekwa bakulini. Mwenyekiti wa bodi, James Alcorn, alichota kimoja na kukifungua. Jina lilikuwa la David Yancey.

Sheria ilimpa Simonds haki ya kuomba kuhesabiwa upya tena, na katiba ya jimbo huliacha baraza lenyewe liwe mwamuzi wa uchaguzi wa wajumbe wake. Njia ya pili ilikuwa na maana ndogo kwa mgombea ambaye wapinzani wake ndio waliokuwa wengi. Tarehe 10 Januari, siku ambayo Bunge lilifunguliwa, alikubali kushindwa. Kirk Cox wa Republican alichaguliwa kuwa spika.

Wengi waliocheka bakuli walilicheka kwa kudhani kwamba hapo ndipo demokrasia ilipoingiliwa na bahati. Mimi naliona kuwa sehemu safi kuliko zote katika mlolongo huu. Kila mtu aliiona. Nafasi zilikuwa sawa kwa sawa, na aliyechota hakuwa na njia ya kujua alichoshika. Hakuna hatua nyingine ya uchaguzi huo inayoweza kusemwa hivyo.

7.0 Wapigakura 26

Mei 2018 gazeti la The Washington Post liliripoti kwamba wapigakura 26 wanaoishi ndani ya eneo bunge la 94 walikuwa wameorodheshwa kimakosa katika eneo bunge la jirani, na hivyo wakapewa karatasi ya kinyang'anyiro kingine. Waliishi katika kata ya kupigia kura yenye Wamarekani Weusi wengi, iliyowapa Wademocrat kura nyingi mwaka ule. Hatuwezi kujua kila mmoja wao angechagua nani, kwa kuwa kura ni siri. Lakini katika uchaguzi uliolingana, 26 ni wingi wa kutisha.

Kosa la namna hii halikuwa la Newport News peke yake. Katika eneo bunge la 28, kaskazini zaidi, watu 147 walibainika kupewa karatasi zisizo zao katika kinyang'anyiro kilichoamuliwa kwa kura 73. Huko hapakuwa na bakuli, na habari zake zilisahaulika mapema.

Tulinganishe hatua hizi mbili. Karatasi moja yenye mstari wa mshazari ilipata mawakili, majaji watatu na vichwa vya habari. Watu 26 waliojaza karatasi zao vizuri, bila doa, hawakupata kusikilizwa, kwa sababu kosa lao halikuwa juu ya karatasi. Lilikuwa kwenye orodha, na orodha haihesabiwi upya. Sheria ya kuhesabu upya huuliza kila karatasi iliyomo sandukuni inasema nini. Haiulizi ni karatasi zipi zilipaswa kuwamo.

8.0 Baada ya 2018

Juni 26, 2018 mahakama ya shirikisho ilibatilisha maeneo bunge 11 kati ya 12 yaliyobishaniwa, likiwemo la 95, kwa kuwa rangi ilikuwa imetawala uchoraji wake kinyume cha katiba. Ramani mpya ilitayarishwa na mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama, Bernard Grofman, na kwa kuwa huwezi kusogeza mpaka mmoja bila kugusa wa pili, eneo bunge la 94 nalo lilibadilika. Viongozi wa baraza walikata rufaa. Juni 17, 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ilitupa rufaa hiyo kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikisema kwamba nyumba moja ya Bunge peke yake haikuwa na haki ya kulisemea jimbo zima.

Novemba 2019 wagombea walikuwa walewale, Yancey na Simonds. Simonds alishinda kwa tofauti iliyo wazi, na chama chake kikapata viti 55 dhidi ya 45. Itakuwa haraka kusema kwamba mipaka mipya ndiyo iliyompa ushindi, kwani hali ya kisiasa katika jimbo zima ilikuwa imesogea upande wake pia. Linaloweza kusemwa ni kwamba hakuhitaji tena kura moja.

Na je, ile kura ya bahati ya Januari 2018 iligharimu nini? Katika jambo lililowagusa wananchi moja kwa moja, yaani kupanua bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini wapatao 400,000, jibu halikufuata hesabu ya 51 kwa 49. Baadhi ya Warepublican walioona matokeo ya Novemba waliungana na Wademocrat, mpango ukapita Mei 30, 2018 na kuanza kutumika Januari 2019. Katika uongozi wa baraza, kamati na ajenda, gharama ilikuwa kamili: chama kimoja kilishika kila kitu kwa miaka miwili.

Baada ya sensa ya 2020 mipaka ilichorwa tena, safari hii na Mahakama ya Juu ya Virginia kwa msaada wa wataalamu wawili, mmoja wao akiwa Grofman yuleyule. Namba ziligawiwa upya. Tangu uchaguzi wa 2023 Simonds anawakilisha eneo bunge la 70. Anayetafuta leo eneo bunge la 94 atalikuta Norfolk, ng'ambo ya maji.